Jani Moja, Sheria Mbili

Mti uitwao miraa kule Meru ndio huo huo tuuitao mirungi. Ng'ambo ya mpaka ni zao la biashara linalotambuliwa na sheria. Huku kwetu Tanzania, Sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti dawa za kulevya inalihesabu miongoni mwa dawa hizo, na anayelisafirisha aweza kufungwa hadi miaka 30, au maisha mzigo ukiwa mkubwa.

Tusidanganyane kuhusu jani lenyewe. Likiwa bichi lina kemikali iitwayo kathinoni, inayofanana na amfetamini. Mtafunaji huchangamka na kusema sana. Njaa na usingizi humtoka, moyo humwenda mbio, shinikizo la damu hupanda. Kisha huja uchovu na huzuni, naye hulitafuta tena. Kathinoni haidumu: katika siku mbili hivi tangu kuchumwa, sehemu kubwa hugeuka kuwa kathini, iliyo dhaifu zaidi. Ndiyo maana vifurushi hufungwa kwa majani ya mgomba na magari hukimbizwa usiku kucha. (Mwendo huo nao ni hatari, lakini hilo tuliache.)

Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2006, hawakupendekeza mmea huu uwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa, ingawa kathinoni yenyewe imo katika jedwali kali kuliko yote la Mkataba wa 1971. Uingereza iliupiga marufuku mwaka 2014, kinyume cha ushauri wa baraza lake lenyewe la wataalamu.

Hatudai mirungi ihalalishwe. Tumeziona nyumba ambamo fedha ya unga wa watoto huishia mdomoni mwa baba. Tunachouliza ni nani anayesimama kizimbani. Mara nyingi ni kijana wa bodaboda aliyelipwa ujira mdogo, au mama mwenye kifurushi ndani ya basi, asiye na wakili. Mwenye mzigo hayupo. Katika milima ya Same mashamba yamefyekwa, na mkulima aliyeambiwa apande kitu kingine bado anauliza soko la kitu hicho liko wapi.

Tunaziomba kamati za haki na amani za parokia za mpakani zihudhurie kesi hizi, ziandike nani amefungwa na kwa kilo ngapi, na zimtafutie wakili asiye na uwezo kabla hajakiri kosa asilolielewa.