Mchujo wa Ramisi usifanyiwe chumbani

Diwani wa wadi ya Ramisi huchaguliwa mara mbili, na ile mara ya kwanza wengi wetu hatumo. Jumanne ya tarehe 10 Agosti 2027 tutapanga foleni sote, lakini majina tutakayoyakuta kwenye karatasi yatakuwa yameshapangwa miezi kadhaa nyuma, katika mchujo wa vyama. Ninachotaka ni hiki: mchujo huo tuupigie kura sisi wenyewe, usiamuliwe na wajumbe wachache waliokusanywa hotelini na kulipiwa nauli.

Mimi ni mama karanga. Nangoja mashua Bodo, nanunua tasi na changu, nakaanga, nauza. Katika viongozi wote, diwani ndiye aliye karibu zaidi na karai langu. Uvuvi, zahanati, chekechea, masoko na barabara za vijijini ni kazi za kaunti, na bajeti yake hupitishwa na bunge la kaunti kule Kwale. Wadi ni 20, na Ramisi ina kiti kimoja tu cha kupigiwa kura. Akikikalia mtu asiyejua kwamba samaki wa alfajiri bila barafu huharibika kabla ya jioni, hasara ni yangu na ya wanangu.

Sheria ya Vyama vya Siasa, iliyorekebishwa mwanzoni mwa 2022, inaruhusu njia mbili: wanachama wote wapige kura, au wajumbe wachague kwa niaba yao. Wakubwa wa vyama huipenda hii ya pili. Wanasema inaepusha fujo na gharama.

Fujo naijua. Katika mchujo mmoja nilioshiriki, karatasi za kura zilifika adhuhuri imeshapita. Wenzetu waliovuka kutoka Funzi walikuwa wameketi chini ya mwembe, macho yako baharini, kwa sababu maji yakishakupwa mashua haikaribii ufuo. Wanawake kadhaa waliondoka bila kupiga kura, baada ya kuacha kazi zao kutwa nzima. Iliniuma sana. Lakini dawa ya karatasi kuchelewa ni kuzileta mapema na kuweka kituo Funzi kwenyewe. Chama kisichojiweza kinaruhusiwa na sheria kuiomba tume ya uchaguzi, IEBC, iusimamie mchujo wake. Kumnyang'anya mwanachama kura yake kwa sababu wewe ulichelewa ni kumdhulumu mara mbili.

Vyama visidhani kwamba tikiti ndiyo ushindi. Kiti cha ubunge cha jimbo letu la Msambweni, ambacho marehemu Suleiman Dori alikishinda kwa tikiti ya ODM mwaka 2017, kilirudiwa tarehe 15 Desemba 2020. Feisal Bader aligombea bila chama, akapata kura 15,251. Omar Boga wa ODM alipata 10,444. Ni kweli Feisal aliungwa mkono na wakubwa, akiwamo William Ruto, naibu wa rais wakati huo, lakini walioamua ni wapiga kura, na tikiti haikuwazuia.

Nasi tuna wajibu wetu. Anayepiga kura ya mchujo ni mwanachama aliye kwenye orodha ya chama. Mwaka 2021 Wakenya wengi waligundua kwamba wameandikishwa katika vyama wasivyovijua. Kila mtu aangalie jina lake kwenye eCitizen mapema, ajiondoe alikotiwa bila idhini, ajiunge anakotaka. Vijana wenye simu wawasaidie mama zao, maana wengi wetu karibu na jiko hatujui hata pa kubonyeza.

Tena tusimpokee mgombea kwa leso na mia mbili ya sabuni, kisha tukae miaka mitano tukilalamika. Kila anayekuja aulizwe mbele ya watu: barafu ya samaki itatoka wapi? Basari ya wadi itagawanywaje, na orodha itabandikwa wapi? Je, utakubali kupigiwa kura na wanachama wote kwenye mchujo?

Atakayekwepa hilo la mwisho ameshatuonyesha atakavyotutendea akiingia bungeni. Mimi simpi kura yangu Agosti, hata akija na tikiti ya chama ninachokipenda, na nawaomba akina mama wenzangu wa Bodo, Shirazi na Funzi wasimpe zao.