AFYA SIYO KAZI YA ZAHANATI PEKE YAKE



Mkutano mkuu wa kijiji unakaribia. Mezani kuna mambo matatu: mfereji mpya wa majaruba, barabara ya kwenda ghalani, na ununuzi wa mahindi. Yote matatu tunayaunga mkono. Ila tunauliza: mbona katika mipango yote hiyo bwana afya hajaitwa hata mara moja?

Tumezoea kudhani afya inaanzia mlangoni pa zahanati. Hapana, jamani. Zahanati inapokea wagonjwa tu; ugonjwa wenyewe mara nyingi umetengenezwa mahali pengine.

Tuanze na mfereji. Mwenye kichocho akikojoa majini, mayai yanaanguliwa, vijidudu vinaingia ndani ya konokono, kisha vinatoka na kupenya ngozi ya yeyote anayekanyaga maji hayo. Konokono hao wanapenda maji yaendayo polepole, yenye majani. Basi mganga atampa mtoto dawa leo, na kesho mtoto yule yule atarudi mferejini. Dawa zitaisha, kichocho kitabaki. Anayeweza kukizuia ni yule anayeuchora mfereji: aupe mteremko mzuri na aweke madaraja ya kuvukia. Na sisi tujenge vyoo karibu na mashamba, tuweke zamu ya kufyeka majani.

Barabara nayo. Yale mashimo ya changarawe yaliyoachwa wazi safari iliyopita kila mtu anayajua. Masika yanajaa maji, na toka yai mpaka mbu anayeruka ni wiki moja hadi mbili tu. Idara moja inatupa vyandarua, kazi ya idara nyingine inatuachia mazalio ya mbu! Huko ni kujaza maji kwenye pakacha.

Mahindi ndiyo kabisa. Mwaka 2016, mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliugua na wengine wakafa kwa sumukuvu iliyokuwa katika nafaka. Sumu hii inatokana na ukungu, inaharibu ini, na kupika hakuiondoi. Kinga yake ni kukausha: juu ya turubai, siyo juu ya udongo, mpaka unyevu ufike asilimia 13 au chini yake. Hiyo ni kazi ya bwana shamba na ya mwenye mizani ghalani. Mganga hana turubai.

Mawazo haya siyo mapya. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili nchini walikaa katika vikundi vya redio, wakajifunza, wakachimba vyoo. Elimu ya watu wazima, redio, chama na viongozi wa vijiji walishika kazi pamoja na watu wa afya. Mwaka 1978, mkutano wa dunia wa Alma-Ata ulitamka kwamba afya ya msingi inahusu pia kilimo, mifugo, chakula, elimu, nyumba na ujenzi. Mwaka 2013, mkutano wa Helsinki ukazitaka serikali ziangalie afya katika sera zao zote.

Sasa tazameni kwetu. Mipango iko Kamati ya Fedha, Uchumi na Mipango. Afya iko Kamati ya Huduma za Jamii. Kila moja inakaa kivyake, na wilayani ni hivyo hivyo kwa idara.

Wako watakaosema, "Mnatuchelewesha, fedha zenyewe hakuna." Kuuliza hakuna gharama. Kufukia shimo wakati katapila bado lipo ni rahisi kuliko kulifukia kwa majembe baada ya mkandarasi kuondoka.

Kwa hiyo tunapendekeza mkutano uamue haya:

1. Hakuna mradi utakaopitishwa kabla kamati hizo mbili hazijakaa pamoja, bwana afya akiwepo.

2. Mchoro wa mfereji uonyeshe madaraja na mahali pa vyoo.

3. Kijiji kisikubali kazi ya barabara kuwa imekwisha mpaka mashimo yafukiwe.

4. Ushirika ununue maturubai kabla ya mavuno, na mahindi mabichi yasipokelewe ghalani.

Wanachama, njooni mkutanoni. Kina mama msikose, maana mgonjwa akilala nyumbani ninyi ndio mnaokesha naye.

Kamati ya Elimu ya Ushirika