Mdogo Akishinda, Apewe Haki Yake

Oktoba 2023 jijini Lusail, katika mashindano ya sataranji ya Qatar Masters, Magnus Carlsen wa Norway, bingwa wa dunia mara 5, alifungwa na Alisher Suleymenov wa Kazakhstan. Carlsen alikuwa na alama 2839 za Elo, kipimo cha uwezo wa wachezaji; mwenzake alikuwa na 2512.

Pengo hilo ni kubwa, lakini hesabu zenyewe za Elo humpa mchezaji wa chini takriban pointi 13 katika michezo 100, sare ikihesabiwa nusu. Kwa hiyo matokeo kama haya si muujiza.

Kilichozua gumzo ni saa ya mkononi. Carlsen alieleza kwamba alipoiona kwa mpinzani wake, umakini ulimtoka. Akasisitiza kuwa hamtuhumu kwa udanganyifu, na kwamba kijana alistahili kushinda. Carlsen ana haki ya kudai ukaguzi mkali, maana siku hizi programu ya simu inamshinda bingwa yeyote, na saa inaweza kupitisha msaada huo kwa siri. Ila ukaguzi ufanyike mlangoni, kwa wote, kabla ya kete kusogezwa. Ukidaiwa baada ya kigogo kuanguka, Suleymenov anabaki na pointi yake huku mashabiki wakijadili saa, na namna alivyozichezesha kete zake nyeupe mpaka Carlsen akasalimu amri haizungumzwi.