Amonia ya Nini? Neno "Safi" na Dai la Fueli Mpya

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii haituamuru kukikataa kila kinachotembezwa. Inatuonya tukikague kabla ya kukinunua. Katika miaka ya hivi karibuni, bidhaa moja imetembezwa mno katika makongamano ya kawi na ya tabianchi: amonia, inayosifiwa kuwa fueli safi itakayoendesha meli na mitambo ya umeme pasi na kuchafua anga. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba Kiswahili hakipaswi kuipa amonia sifa ya "safi" bure. Kabla ya kuitamka sifa hiyo, sharti tuulize swali ambalo lugha yetu hutuwezesha kuliuliza kwa maneno mawili tu: ya nini? Swali hili lina pande mbili. Imetokana na nini, na ni ya kazi gani?

Tuanze na kitu chenyewe. Amonia ni gesi isiyo na rangi, yenye harufu kali inayochoma pua. Molekuli yake ina atomu 1 ya naitrojeni na atomu 3 za hidrojeni. Haina kaboni hata chembe. Mwaka wa 1909, mwanakemia Mjerumani Fritz Haber alifaulu kuunganisha naitrojeni ya hewani na hidrojeni katika maabara. Carl Bosch aliikuza mbinu hiyo ikawa ya kiwandani, na kiwanda cha Oppau kikaanza kazi mwaka wa 1913. Leo ulimwengu huzalisha takriban tani milioni 180 za amonia kila mwaka, na asilimia 70 hivi hutumika kutengenezea mbolea. Mabilioni ya watu hula kwa sababu ya mbolea hiyo. Hata hivyo, mbinu iyo hiyo iliipa Ujerumani malighafi ya baruti katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Tangu utoto wake, basi, amonia haijawahi kuwa njema au mbaya kwa dhati yake.

Wanaoitetea kama fueli wana hoja nzito ambazo si haki kuzipuuza. Meli ya mizigo inayovuka bahari kuu haiwezi kutegemea betri. Hidrojeni nayo haigeuki kuwa kiowevu mpaka ipozwe hadi nyuzi 253 chini ya sufuri, ilhali amonia huhitaji nyuzi 33 tu chini ya sufuri. Fauka ya hayo, bandari nyingi duniani zimekuwa zikiipakia na kuipakua kwa miongo mingi. Mwaka wa 2023, Shirika la Kimataifa la Bahari liliweka shabaha ya kukomesha uchafuzi wa anga utokanao na meli ifikapo au karibu na mwaka wa 2050. Mnamo Machi 2024, meli ya Fortescue Green Pioneer ilitumia amonia pamoja na dizeli katika bandari ya Singapore. Mwaka uo huo, huko Hekinan nchini Japani, mtambo wa umeme wa makaa ya mawe ulijaribiwa kwa kuchanganyiwa amonia kwa kiwango cha asilimia 20. Haya si ndoto za alinacha. Ni mambo yaliyokwisha kutendeka.

Lakini imetokana na nini? Hapa ndipo penye mzizi wa fitina. Hidrojeni inayoingia katika amonia leo hupatikana, kwa sehemu kubwa mno, kutoka gesi asilia na makaa ya mawe. Tani 1 ya amonia iliyotengenezwa kwa gesi asilia huacha nyuma yake takriban tani 2 za hewaukaa. Kwa hiyo meli inaweza kuchoma amonia isiyo na kaboni na bomba lake lisitoe hewaukaa, ilhali moshi umekwisha kutoka kwingine, katika kiwanda ambacho nahodha hajawahi kukiona. Njia ya pili ni kuinasa hewaukaa hiyo na kuifukia ardhini, ingawa gesi asilia yenyewe huvuja njiani kabla ya kufika kiwandani. Njia ya tatu ni kutenganisha hidrojeni na oksijeni ya maji kwa umeme wa jua, wa upepo au wa mvuke wa ardhini. Hata hii ya tatu haiondoi kila shaka, kwani amonia isipochomwa vyema inaweza kuzaa naitrasi oksaidi, gesi ambayo nguvu yake ya kuongeza joto duniani inazidi ile ya hewaukaa kwa zaidi ya mara 250.

Wenye biashara wamezipa njia hizo rangi: kijivu, samawati na kijani. Rangi hizi zinapendeza, lakini hazifundishi. Samawati ni rangi ya anga. Je, nani atakayesikia "amonia ya samawati" atambue kwamba inatokana na gesi asilia? Vivyo hivyo, wanaposema "amonia ya kaboni kidogo", mwanafunzi wa semantiki hana budi kuuliza: kidogo kuliko nini? Kiswahili kina nyenzo iliyo bora zaidi, nayo ni a-unganifu. Tuseme amonia ya makaa, amonia ya gesi, amonia ya gesi yenye ukaa uliofukiwa, amonia ya jua, amonia ya mvuke. Majina haya hayana madoido, lakini kila moja linataja asili ya kitu, na msikilizaji hahitaji kufafanuliwa na muuzaji.

Upande wa pili wa swali, yaani kazi yake, unatugusa Wakenya moja kwa moja. Uchimbaji wa mvuke wa Olkaria umetuzalishia umeme tangu mwaka wa 1981, na takriban asilimia 90 ya umeme wetu hutokana na vyanzo visivyokwisha. Haishangazi kwamba wawekezaji wameelekeza macho hapa. Mnamo Septemba 2023, wakati wa Kongamano la Tabianchi la Afrika jijini Nairobi, serikali ilizindua mkakati wa hidrojeni ya kijani, ambao ulitanguliza mbolea ya matumizi ya nyumbani kabla ya mauzo ya nje. Naafiki utaratibu huo, na natamani usigeuzwe njiani. Kutengeneza tani 1 ya amonia kwa umeme huhitaji takriban megawati-saa 10, ilhali kawi inayobakia ndani yake ni nusu tu ya hiyo. Ikichomwa ng'ambo ili kuzalisha umeme tena, nusu hiyo nayo hupungua zaidi. Kuuteketeza umeme wa Olkaria kwa namna hiyo, ilhali zipo kaya zetu zinazosomea kwa koroboi, ni kutoa maji kisimani kwa pakacha.

Mbolea ni jambo jingine. Wakulima wetu hutegemea mbolea ya naitrojeni inayoagizwa kutoka nje. Vita vya Ukraine vilipozuka mwaka wa 2022, bei ilipanda hata serikali ikalazimika, mnamo Septemba mwaka huo, kutoa ruzuku iliyoshusha bei ya gunia la kilo 50 kutoka shilingi 6,500 hadi shilingi 3,500. Karibu na Naivasha umeanzishwa mtambo mdogo wa kuzalisha amonia ya jua kwa ajili ya mbolea, wenye uwezo wa takriban tani 1 kwa siku. Ni tone baharini, lakini unaonyesha kwamba amonia inaweza kutengenezwa jirani na shamba linaloihitaji.

Kuna jambo jingine ambalo neno "safi" hulifunika. Maji safi hunyweka, hewa safi huvutwa. Amonia ni sumu. Mnamo Machi 1992, tangi la amonia lililipuka katika kiwanda cha karanga jijini Dakar, Senegali, na watu zaidi ya 120 wakafariki. Kuli wa bandari ya Mombasa atakayeambiwa kwamba tangini mna fueli safi anaweza kuwa amedanganywa kwa neno moja, na neno hilo linaweza kumgharimu uhai. Kwa kuli huyo, onyo la hatari lililoandikwa kwa Kiingereza cha wahandisi halina faida.

Yamkini msomaji atauliza: mwanafunzi wa fasihi yamhusu nini haya? Yanamhusu kwa sababu ridhaa hutolewa kwa lugha. Mwaka wa 2014, jamii za Wamaasai zilihamishwa kuupisha mradi wa Olkaria IV, na malalamiko yao yakafika hadi Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kifungu cha 10 nacho kinauhesabu ushirikishi wa wananchi miongoni mwa maadili ya utawala. Mkutano wa hadhara ambao wananchi wanaulizwa maoni juu ya jambo wasiloweza kulitaja kwa lugha wanayoielewa si ushirikishi. Ni kuuziana mbuzi kwenye gunia.

Napendekeza, kwa hivyo, kazi mbili kwa chama chetu. Kwanza, tushirikiane na wenzetu wa idara za kemia na uhandisi kuandaa faharasa fupi ya kawi hizi mpya, tukianzia palipofikiwa na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka wa 1990. Majina yateuliwe kwa kigezo cha asili ya kitu, na maonyo ya sumu yatangulie sifa. Pili, tudai kwamba ripoti za athari za miradi hii kwa mazingira ziandamane na muhtasari wa Kiswahili, na pale wenyeji wanapozungumza Kimaasai, Kimaasai nacho kitumike. Wahadhiri wetu wanaweza kuyafanya haya kuwa zoezi la somo la tafsiri muhula ujao. Hayahitaji ufadhili wala kongamano. Nayo sifa ya "safi" tuiweke akiba hadi kila tani iweze kujibu imetoka wapi na inakwenda kumfaa nani.