Chema Chajiuza? Lugha ya Kuuzia Vikuukuu Mtandaoni

Wahenga walisema kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la Gikomba jijini Nairobi, mnunuzi wa mitumba huupima ukweli wa methali hii kwa mikono yake mwenyewe. Hulipindua koti, akachungulia mishono, akavuta zipu, akanusa kwapa, ndipo akaanza kupatana bei. Chema hapo huweza kujiuza kwa sababu kinashikika. Mtandaoni hali ni kinyume. Huko chema na kibaya vyote hujitembeza, tena kwa miguu ya kuazima: picha moja na maneno machache ya muuzaji.

Biashara hii si ngeni tena nchini Kenya. Mwaka 2019 kampuni ya Jiji ilizinunua shughuli za OLX humu nchini na katika nchi nyingine kadhaa za Afrika, na Facebook nayo ina soko lake. Maadamu malipo hutumwa kwa M-Pesa, iliyoanzishwa mwaka 2007, mtu aweza kuuza godoro lake bila kutoka chumbani. Mwanafunzi anayehitimu huuza jiko la gesi, meza na kipakatalishi. Anayeingia mwaka wa kwanza huvinunua. Fedha anazotoa huyu wa pili aghalabu ni jasho la mzazi au sehemu ya mkopo wa masomo. Hana za kupoteza.

Tatizo kubwa li katika lugha. Matangazo mengi husema kuwa kifaa ni "safi kabisa", "kama kipya" au "kimetumika kidogo tu". Haya ni maneno yasiyopimika. "Kidogo" ni miezi mingapi? "Safi" ni nje au ndani? Muuzaji hakusema uongo ulio wazi, wala hakusema kweli. Mnunuzi hulipa, akafika bwenini, akagundua kuwa betri haimalizi hata nusu saa.

Hasara yenyewe haiishii kwa mnunuzi mmoja. Mwaka 1970 mwanauchumi Mmarekani George Akerlof, ambaye mwaka 2001 alikuwa miongoni mwa waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi, alilieleza jambo hili kwa mfano wa magari yaliyokwisha kutumika. Mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na bovu, hutoa bei ya wastani kwa yote. Mwenye gari zima huona anapunjwa, akaliondoa sokoni. Yanayobaki ni mabovu. Kwa hiyo, muuzaji anayeficha kasoro humharibia soko hata jirani yake mkweli, na chema hakipati tena nafasi ya kujiuza.

Wapo watakaodai kwamba atajaye kasoro atarudi na mali yake nyumbani. Dai hili lina mashiko kiasi, kwani bei hushuka. Hata hivyo, kampuni ya eBay yenyewe husimulia kuwa kitu cha kwanza kuuzwa katika mnada wake, mwaka 1995, kilikuwa kielekezi cha leza kilichoharibika. Kilinunuliwa kwa dola 14.83. Mwanzilishi wake, Pierre Omidyar, alipomuuliza mnunuzi iwapo alifahamu kuwa ni kibovu, alijibiwa kwamba alikuwa akikusanya vielekezi vibovu. Kasoro iliyotajwa haikumfukuza mnunuzi, ilimwita anayeihitaji. Hali kadhalika, fundi anayetafuta vipuri hukifurahia kipakatalishi ambacho mwanafunzi hawezi kukitumia.

Isitoshe, sheria nayo imeyapa maneno uzito. Sheria ya Kenya ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, huchukulia kuwa bidhaa iliyouzwa kwa maelezo sharti ilingane na maelezo hayo. Sharti la ubora, kwa upande mwingine, humlenga hasa yule ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo. Anayeuza kochi lake la nyumbani si mfanyabiashara wa makochi. Kwa hivyo, mara nyingi ngao kuu ya mnunuzi ni maelezo aliyopewa, na maelezo matupu ni ngao ya karatasi.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohusika. Lugha hii haina uhaba wa maneno ya uchakavu. Nguo huchujuka, hupwaya, hutatuka. Sufuria hubonyea, kioo huingia ufa, chuma hushika kutu, mbao hubunguliwa, kisu huwa butu. Kila neno lina kasoro yake mahususi, na kila kasoro ina bei yake. Tangazo laweza kusema: "Kipakatalishi, kimetumika miaka 3, betri hudumu saa moja, kioo kina ufa mdogo pembeni, kitufe kimoja kimelegea." Maneno hayo hayajazi hata mistari minne, na mnunuzi amekwisha kuishika bidhaa kabla ya kuiona.

Vyama vya Kiswahili vyuoni hufanya vyema kuandaa makongamano na mashindano ya ushairi. Vingefanya vyema zaidi vikiwasaidia wanafunzi kuandika matangazo ya aina hii, hasa majuma ya mwisho wa mwaka, magodoro yanapoanza kutolewa vyumbani. Njia ya mwongo ni fupi, na chuoni ni fupi zaidi: muuzaji na mnunuzi watakutana kesho kwenye foleni ya chakula.