Elimu ya Tabibu Haina Mahafali

Tabibu aliyehitimu mwaka 2000 alifundishwa kutibu malaria kwa klorokwini. Mwaka 2001 Tanzania Bara iliiacha dawa hiyo, kwa kuwa vimelea walikuwa wamekuwa sugu, ikashika SP. Mwaka 2006 ikahamia dawa mseto ya ALu. Je, tabibu aliye peke yake katika zahanati ya mbali atapashwa habari hizo na nani? Vipindi vya sauti vinavyohifadhiwa katika simu, yaani podikasti, vyaweza kumfikia bila kumtenga na wagonjwa wake. Lakini sikio pekee halitoshi. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliunganisha redio, vitabu na vikundi vya majadiliano. Hivyo kila kipindi kifuatwe na maswali na mjadala. Tabibu asiyejifunza tena hutibu kwa maarifa yaliyopitwa, na gharama yake hulipwa na mgonjwa.