Daktari Alisema Apunguze Kilo, Sisi Tukamwongezea Sahani

Leo siandiki neno la kubembeleza. Nina deni kwa kijana mmoja wa kanisa letu, na amenipa ruhusa niandike mradi nisimtaje.

Mara tatu jina lake limekuwa kwenye orodha ya ubatizo, na mara tatu hakufika mtoni. Mara ya tatu nilisimama madhabahuni nikasema wanaoogopa maji wana dhambi wanayoficha. Mkajibu amina. Jioni ile alinijia ofisini, akafungua jaketi analovaa hata jua la Februari likiwaka hapa Nkubu, akasema, "Pasta, shati likilowa litashika kifua, na vijana watacheka." Hakuwa ameficha dhambi. Alikuwa ameficha matiti.

Nilitubu mbele yake. Sasa natubu mbele yenu, na ninyi mtubu pia, kwa sababu lile jina la kike analoitwa hakulipata stendi ya matatu. Alilipata kwenye ushirika wa vijana. Hamu aliona uchi wa baba yake Nuhu, akatoka nje kwenda kuwasimulia ndugu zake. Shemu na Yafethi waliingia kinyumenyume na nguo mabegani, wakamfunika mzee bila kumtazama. Ni Mwanzo 9. Jiulize wewe uko upande wa nani.

Kuna watumishi wenzangu wanaosema hilo ni pepo la kike. Mmelisoma wapi? Hospitalini hali hii ina jina, jinekomastia: tezi ya titi la mwanamume imekua kwa sababu homoni hazijakaa sawa. Wavulana wengi huipata wakibalehe, na kwa wengi huisha yenyewe ndani ya miaka 2 hivi. Wengine huletewa na pombe iliyoharibu ini, au sindano za kujaza misuli, au dawa za hospitali. Efavirenzi, dawa ya ARV iliyotumiwa sana Kenya miaka iliyopita, iliwaletea baadhi ya wanaume. (Kama uko kwenye dawa yoyote, usiiache kwa sababu umesoma hapa. Rudi kliniki uulize.) Na kwa wengine si tezi hata kidogo, ni mafuta tu. Utakemea mafuta yatoke kwa jina la Yesu?

Kijana huyu alienda kutafuta upasuaji, akiba yake ya bodaboda mfukoni. Daktari akampima, akamwambia: punguza uzito kwanza, ukae na uzito huo miezi kadhaa bila kupanda na kushuka, kisha urudi. Alitoka akilia. Alidhani amefukuzwa.

Nikamfungulia 2 Wafalme 5. Naamani naye alikasirika, kwa sababu alitarajia jambo kubwa akaambiwa akaoge Yordani mara 7. Watumishi wake ndio waliomtuliza. Daktari hakumfukuza huyu kijana. Mafuta ya mwili yenyewe hugeuza sehemu ya homoni za kiume kuwa za kike, kwa hiyo uzito unaweza kuwa unailisha ile tezi. Mtu mnene sana yuko kwenye hatari zaidi akipewa nusu kaputi, na kidonda chake hupona kwa shida zaidi. Akikatwa leo kisha apungue kesho, ngozi italegea kifuani. Akinenepa tena, kifua kinaweza kujaa tena. Tena akipungua kwanza, huenda upasuaji ukawa mdogo, au usihitajike kabisa. Hata fundi wa suti pale sokoni hawezi kukukatia kitambaa ukiwa bado unapungua.

Sasa, sisi tulimsaidiaje? Hapa ndipo nina hasira. Alipopungua kilo 6 mkamuuliza kama ni mgonjwa. Kina mama, nawapenda, lakini mlimpakulia chapati nne na chai ya sukari, na akikataa mnasema anadharau chakula cha watu. Kwetu kunenepa ni ushuhuda, na kitambi cha pasta ni dalili ya upako. (Mimi nimejipima, niko kilo 104. Sihitaji amina hapo.) Wengine wakamshauri afunge siku 21. Mfungo ni wa maombi, hauna mzani. Akirudi mezani na kilo zinarudi naye. Na Danieli mnayemtaja kila Januari, someni sura ya 1 mstari wa 15: baada ya siku 10 za mboga na maji alionekana amenenepa kuliko wenzake!

Halafu kuna wale wa upande mwingine, wanaosema akikimbia yataisha, na upasuaji ni majivuno ya mwili. Mafuta hupungua kwa kukimbia. Tezi iliyokwisha komaa haipungui, hata abebe vyuma mpaka usiku. Akifika uzito aliopewa na tezi ibaki, ataenda kufanyiwa upasuaji, na nitaenda naye. Tulichanga hapa kwa ajili ya goti la mzee wetu na hakuna aliyeuliza mzee ana imani kiasi gani.

Na ninyi wanaume mnaosoma hii kimya kimya: ukiona uvimbe mgumu, hasa upande mmoja, au chuchu imevutwa ndani, au inatoa damu, hilo halingoji kupunguza kilo. Nenda hospitali wiki hii. Saratani ya matiti hupata wanaume pia, takriban mmoja kati ya wagonjwa 100, na wengi huchelewa kwa sababu ya aibu.

Kuanzia Jumapili hii, soda zimeondoka kwenye meza ya baada ya ibada, na sukari itakaa kwenye kikombe chake, kila mtu ajipimie. Jumanne na Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi mimi na huyu kijana tunatembea kutoka kanisani. Anayetaka aje, bila maswali.

Ubatizo ni Jumapili ya mwisho wa mwezi. Kanzu zimeshonwa mpya, nyeusi, kitambaa kizito, saizi zote. Simu zitabaki kanisani. Hakuna atakayepiga picha mtoni.